Kwa Nini Masale Hupandwa na Mikono Mitatu

Hapo kale, watu wa mlima huu hawakuwa na alama ya mpaka. Masale, mimea ile yenye majani marefu ya kijani, yaliota ovyo mabondeni na hakuna aliyeyajali. Kila mtu alijua shamba la babu yake linapoishia, na hilo lilitosha.

Juu kabisa, karibu na msitu, palikuwa na Mrau, nchi ya Mangi Kimbori, mtawala mwenye askari wengi. Katikati palikuwa na Kyala ya Mangi Temi, na chini Nduwi ya Mangi Ngoro. Baina ya Mrau na Kyala kulikuwa na kijiji kidogo kisicho na mangi wala askari, kikiitwa Shia. Temi alikuwa ameahidi kukilinda.

Mwaka mmoja Kimbori akayadai malisho ya Shia, akisema ng'ombe wake wamezidi. Watu wa Shia wakakimbilia kwa Temi. Temi hakuwa mwoga, ila alikuwa amezika kaka zake wawili katika vita vya ujana wake, na hakutaka mama yeyote wa Kyala alie kama mama yake alivyolia. Akapanda Mrau na pombe ya mbege na dume la mbuzi. Kimbori alimkaribisha vizuri, akamwapia kwamba akipata malisho yale hatataka kingine. Temi akateremka na furaha, akawaambia watu wa Shia wayaachie. Wanawake wa Kyala walimpokea kwa vigelegele.

Mangi Ngoro alisema Nduwi haipakani na Shia, kwa hiyo haina upande. Wahunzi wake wakaendelea kuuza mikuki huku na huku.

Msimu uliofuata Kimbori akautwaa mfereji wa Shia, kisha nyumba zenyewe. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo mjane aitwaye Manka. Alipita Kyala bila kusimama, kwa maana hakuweza kumtazama Temi usoni, akateremka mpaka Nduwi na kuomba kusema barazani. Haikuwa desturi, lakini Ngoro alimruhusu.

"Mangi, sikuja kuomba chakula," alisema. "Temi alitoa malisho yangu, hakutoa yake. Wewe hukutoa kitu. Ulinyamaza, na Kimbori akachukulia kwamba umekubali. Akishaimaliza Kyala, kati yako na yeye atabaki nani?"

 Jioni hiyo Ngoro aliwakataza wahunzi kuuza hata mkuki mmoja Mrau.

Haikuchukua muda Kimbori akaishukia Kyala. Temi alitangulia mbele ya watu wake na ngao ya marehemu kaka yake. Walikuwa wamekwisha kurudishwa nyuma mpaka mgombani walipoisikia pembe ya Nduwi ikipanda kutoka chini. Vita vile vilikuwa virefu. Ngoro alimpoteza mwanawe wa kwanza. Mwishowe Kimbori alishindwa.

Wazee wa Mrau walipokuja kuomba msamaha, walishika miche ya masale, kwa sababu katika bonde lililoungua vitani hayo peke yake yalibaki mabichi. Walikutana kwenye malisho ya Shia. Temi, aliyezeeka ghafla, alisimama mbele ya wote akasema, "Nilinunua amani kwa mali ya wengine. Ndiyo maana haikudumu."

Manka akataka masale yale yapandwe pale pale, mpakani mwa Mrau na Shia. Mtu wa Mrau akashika mche kwa upande mmoja, Manka kwa upande wa pili. Kisha akamwita Ngoro naye aushike.

"Mimi sina mpaka hapa," alisema Ngoro.

"Ndiyo maana nakuita," alijibu Manka.

Ngoro akapiga magoti, akaushindilia udongo kwa mikono yake.

Na tangu siku hiyo, majirani wawili wanapopanda masale mpakani, huita mtu wa tatu asiye na shamba pale, naye hutia mkono kwenye udongo. Mche ule ukija kung'olewa, hata kama ni miaka mingi baadaye, wa kwanza kuamka na kwenda kuuliza ni yeye.