Mkanda wa Sabina

Tarehe 3 Mei 1986, siku ya Jumamosi, Sabina Mbonea Shekiondo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo chetu cha ufundi wa jukwaa, alianguka kutoka darini alikokuwa akifunga taa, akavunjika mguu. Kamba iliyomshikilia ilikuwa imeoza. Alikuwa ameomba kamba mpya tangu mwezi Februari, na kila alipoomba Mkufunzi Gaudensi Lyamuya alimjibu kwamba fundi hodari hailaumu kamba. Bodi ya chuo ilipomwuliza mkufunzi huyo, alisema msichana alijifunga ovyo. Sabina akafukuzwa chuo akiwa angali kitandani hospitalini.

Mimi nilikuwa karani wa chuo hicho tangu mwaka 1971 hadi nilipostaafu mwaka 1994. Nayasimulia niliyoyaona na kuyasikia, wala sikuazima macho ya mtu.

Chuoni palikuwa na mkanda mmoja wa zana, wa ngozi nyeusi. Fundi mkuu anayemaliza masomo humvisha yule amwonaye anastahili kumrithi, na avaaye mkanda ndiye atoaye ishara kwa mafundi wote. Mkufunzi hana ruhusa ya kuugusa. Mwaka ule mkanda ulikuwa wa Sabina. Rafiki zake watatu, wanafunzi wenzake, walipokwenda kumwona, aliutoa chini ya mto.

"Ndugu zangu, sitaki pole," akasema. "Atakayenilipizia kisasi kwa Lyamuya, mkanda huu ni wake."

Rafiki hao kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Elikana Mbise, fundi wa sauti, aliweza kusikia uzi ukipita kwenye tundu la sindano. Rajabu Chitemo, fundi wa pazia, alilifungua pazia kwa upole hata watazamaji wakadhani wamefumbua macho yao wenyewe. Zuhura Kindamba, fundi wa taa, angeweza kumfuata nzi kwa mwanga ukumbi mzima asimpoteze.

Kila mmoja pia alikuwa na sheria moja kuu, na aliyewafundisha sheria hizo ni Lyamuya mwenyewe. Fundi wa sauti hafungui kipaza sauti nyuma ya pazia. Fundi wa pazia havuti kamba kabla ya ishara. Fundi wa taa hammuliki mtu nje ya mchezo. Avunjaye hukosa cheti, hana rufaa.

Ikafika tarehe 12 Septemba 1986, siku ya Ijumaa, onyesho la mahafali. Wajumbe wa bodi walikaa safu ya mbele. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Lyamuya, mtu wa kupenda kutazamwa, alikuwa amejipa sehemu ya mfalme katika mchezo. Mapumziko yalipokwisha, taa za ukumbi zilizimwa. Nyuma ya pazia, gizani, yeye alikuwa amekwisha kuketi kitini.

Elikana alikuwa ameficha kipaza sauti ndani ya mto wa kiti hicho cha enzi. Akakifungua, sauti ikitokea kwenye spika za mwisho wa ukumbi, mbali na jukwaa. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya Rajabu ikinong'ona: "Mkufunzi, samahani. Kamba ya pazia nayo imeanza kulika."

"Wewe Rajabu, umeanza umbea wa Sabina?"

"La, Mkufunzi. Naogopa tu."

"Ogopa mimi, usiogope kamba! Ya Sabina nilijua imeoza tangu Februari. Nikasema nini mbele ya bodi? Kajifunga ovyo! Wakaitikia kama kwaya. Wazee wale ukiwapa soda baridi watakuamini hata ukisema jua ni mbalamwezi."

Mwenyekiti wa bodi alikuwa na chupa ya soda mkononi. Aliiweka chini taratibu.

Kila mwenye kusikia alijua ni Lyamuya. Lakini sauti bila uso, mwerevu huikana. Ndipo Rajabu akavuta kamba bila ishara. Pazia likafunguka bila hata mkwaruzo, na katika giza lile pakaonekana kivuli cha mtu kikiruka kutoka kitini.

Lakini kivuli nacho hukanwa. Lyamuya akakimbilia nyuma ya ukuta wa mbao. Zuhura akamwashia taa. Lyamuya akaenda kushoto, mwanga ukaenda kushoto. Akajibanza nyuma ya nguzo ya maboksi, nguzo ikaanguka, mwanga ukamkuta amechuchumaa na taji limemfunika macho.

"Zima! Nani yuko kwenye taa? Zima, mjinga wewe!"

"Ni mimi, Mkufunzi, Zuhura!" sauti ikashuka kutoka juu. "Hapa ndipo aliposimama Sabina. Leo nimejifunga vizuri!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kile, naapa, kilinishibisha kuliko pilau la mahafali.

Kesho yake bodi ilimwachisha Lyamuya kazi na kumpa Sabina cheti chake. Wale watatu wakanyimwa vyao, wote sawasawa, kwa kuvunja sheria. Sabina akaja kwa magongo, mkanda begani.

"Haya, ni nani?"

"Bila mimi nani angesikia?" akasema Elikana. "Mngefungua pazia mumwone mtu amekaa kimya!"

"Na nani alimfungua mdomo, wewe na mto wako?" Rajabu akamcheka. "Ningeliacha pazia limefungwa, leo angesema ni redio."

"Nyote mlimpa njia ya kukimbia," akasema Zuhura. "Mimi ndiye niliyemfanya asiwe na pa kujificha. Aibu haina maana gizani, kaka zangu."

Sabina aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akautandika mkanda mezani. Mkanda ni mmoja. Aliyemfanya Lyamuya asikike, aliyemfunua, na aliyemnyima maficho: wewe unayesikiliza, kiuno cha nani ungekifunga?

Amueni, ila amueni kwa kisa cha kweli. Bwana Kibwana Mng'ong'o, aliyekuwa bawabu wetu, husimulia barazani kwamba pazia lilimwangukia Lyamuya likamvunja mguu, hivyo deni la mguu wa Sabina likaisha. Si kweli. Bawabu alikuwa langoni, mimi nilikuwa safu ya tatu. Lyamuya alitoka kwa miguu yake yote miwili.