Mtawa Aliyekula Ndiga

Paukwa!
— Pakawa!
Mmekuja kusikia au kusinzia?
— Kusikia!

Haya. Zamani hizo, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, alihamia kijijini mtawa wa Kikristo, Abba Gedeoni. Kazi yake ilikuwa kusali na kuuliza. Humwuliza mhunzi, humwuliza mfinyanzi: "Hiki chaitwaje? Kwa nini chaitwa hivyo?" Akijibiwa, huandika kwenye ngozi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Watu wakamtilia shaka.

"Anakusanya majina yetu aturoge," walinong'ona.

Jumbe Shemboko akawaonya, "Akiuliza, nyamazeni."

Mkunga Bi Kaluwa peke yake hakunyamaza. Alimweleza yote aliyoyajua. Kisha Bi Kaluwa akafa. Lo! Watu wakasema, "Mwaona? Kamwandika, kammaliza."

Ikaja njaa. Porini ikabaki ndiga tu, kiazi chenye sumu, na aliyejua kuitoa sumu hiyo alikuwa Bi Kaluwa. Waliokula ovyo wakafa.

Gedeoni akaja na ngozi yake. "Bi Kaluwa alinieleza. Ikatwe vipande vyembamba, ilazwe kwenye maji yaendayo, ioshwe hadi povu liishe."

"Mwongo!" akasema Jumbe. "Wataka kutumaliza sote. Pika, ule wewe kwanza."

Akakata. Akalaza mtoni. Akaosha, akaosha, akaosha. Akapika, akala mbele ya kijiji kizima. Watu wamemkodolea macho, wanangoja aanguke. Jua likapanda. Mara, pu! Kaanguka chali.

"Amekufa!"

"Koroo... koroo..."

Kumbe shibe imemlaza! Basi wakaiandaa vilevile, wakala, wakapona.

Mbelwa, binti wa Bi Kaluwa, akamwendea. "Abba, mama yumo humo ngozini?"

Gedeoni akasoma: "Haya nilifundishwa na Kaluwa, mkunga, aliyecheka sana nilipokosea." Mbelwa akalia.

Tangu hapo watu walikuja wenyewe kumweleza wanayoyajua. Wa mwisho alikuwa Jumbe. Akasimama mlangoni, mkono kwenye kisu.

"Andika dawa ya ng'ombe ya ukoo wangu. Lakini ukimaliza unisomee, neno kwa neno. Bado sikuamini."

"Sogea karibu, Jumbe," akasema Gedeoni. "Nitakusomea."

Basi, jamani, mwenye kujua jambo asiende nalo kaburini. Na mwenye shaka aulize, asiue. Yangu yamekomea hapo.