Arobaini ya Bi Kasa

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana plastiki ilikuwa imeshafika pwani, Mzee Kasa alifiwa na mkewe. Bi Kasa aliona kitu cheupe kikielea kwenye mlango wa mto, akadhani ni yavuyavu, mnyama laini wa baharini ambaye kasa humla kwa hamu. Akameza. Ulikuwa mfuko. Siku ya nne akafa.

Aliacha mayai mchangani. Kila asubuhi Mzee Kasa alikwenda kuyatazama, kisha akarudi. Siku moja alimwambia jirani yake, Kaa mdogo:

"Jirani, baada ya wiki mbili wanangu watatoka, waingie majini. Watakutana na mifuko ileile."

Mifuko ilikuwa ya Kiboko na Nyati, walioishi juu kidogo, ukingoni mwa mto. Kila walipomaliza kula, pwaa! Wanatupa mtoni.

Kaa akawaendea. "Mabwana, mifuko hiyo inaua."

"Ah! Maji yanachukua, yanapeleka huko," alisema Kiboko.

"Na wewe hata kutembea mbele hujui," Nyati akadakia. "Utatufundisha usafi?"

Kaa akameza matusi yale. "Basi tuyaache hayo. Kesho kutwa ni arobaini ya Bi Kasa, na mpishi ni mimi. Mtakuja?"

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Chakula kipo?"

"Tele! Tutapika kile alichokula marehemu mara ya mwisho. Ila desturi yetu mnaijua: mgeni wa arobaini humaliza alichopakuliwa. Akishindwa, yeye ndiye huondoa vyombo."

"Gwa gwa gwa!" Kiboko alicheka mpaka maji yakaruka. "Mimi nishindwe kula? Nyati, umesikia maajabu?"

"Tukishindwa, tutaondoa vyombo vyote," alisema Nyati. "Waambie wote waje washuhudie!"

Wakaja wote: Pweza, Korongo, Nguchiro na wanawe. Dua ikasomwa. Kaa akaweka mbele ya wale wakubwa wawili masinia mawili yaliyofunikwa kwa kawa. Harufu ya tui la nazi na bizari ilitanda.

"Bismillahi," alisema Kaa, akafunua.

Ndani ya mchuzi ililala mifuko, imelainika, inang'aa.

"Lo! Huu si mfuko wangu wa mkate?" Nyati aliropoka, kisha akaziba mdomo kwa kwato.

"Ndio, bwana. Hicho ndicho alichokula. Karibuni."

Kiboko akauinua mmoja kwa ncha ya meno. Akauangusha, chapwa!

"Kaa, utani huu kwenye msiba?"

Hapo Mzee Kasa akainua kichwa. Sauti yake haikupanda.

"Mke wangu aliumaliza wote," alisema.

Kiboko alilitazama sinia, akamtazama Kasa, akainamisha macho. Akalisukuma sinia pembeni.

"Nimeshindwa."

"Na mimi," alisema Nyati.

"Basi ondoeni vyombo," alisema Kaa.

"Haya, lete hayo masinia tuoshe," alisema Kiboko.

"Masinia nitaosha mwenyewe. Chombo alicholia marehemu ni kile pale." Kaa akanyoosha gando lake kuelekea mlango wa mto, uliofunikwa na mifuko na chupa toka ukingo huu hadi ule.

"Mto mzima?" Nyati alishtuka.

"Ulisema vyote, kaka," Pweza alimkumbusha.

Wakaingia majini. Kiboko alizoa kwa mdomo, Nyati akavuta kwa pembe, siku kumi na mbili, jua na mvua.

Siku ya kumi na tatu mchanga ukatikisika. Watoto wa kasa wakatoka, chakachaka, chakachaka, wakashuka majini. Mbele yao kulikuwa na maji matupu. Mzee Kasa akawafuata nyuma taratibu, na Kiboko akasogea kando kuwapisha.

Basi, wanangu, kabla hamjatupa kitu majini, jueni kwamba kuna atakayekidhania ni chakula.