Adui wa Tumbo la Sultani

Palikuwa na sultani, Hamduni jina lake, mwenye mizinga arobaini na tumbo bovu. Naam, tumbo! Mtu aliyetetemesha miji saba alikuwa akikimbilia chooni mara kumi na mbili kwa siku, kanzu kaishika mkononi, na akienda ni damu tupu. Badala ya kumshukuru Mungu kwamba choo kiko karibu, akatafuta wa kumlaumu. Wakubwa ndivyo walivyo: aumwe yeye, alie mwingine.

Akamwona mpishi wake, Shaame. "Wewe unanitilia sumu!" Shaame akatupwa gerezani. Damu haikukoma, basi mbiu ikapigwa mji mzima: adui wa tumbo la Sultani, pamoja na yeyote anayemficha na kumlisha, watanyongwa kamba moja Ijumaa baada ya sala. Sultani akaapa mbele ya kadhi, maana alipenda kuapa kuliko kufikiri.

Askari wakamwagika sokoni. Wakamng'oa muuza vitumbua meno mawili, eti vitumbua vyake vimeungua, lazima vina kitu. Wakachoma vibanda vya wauza dawa. Adui hakuonekana, na Sultani akaendelea kukimbia.

Shaame alikuwa na mke, Kazija. Kazi yake pale kasrini ilikuwa kuonja: kila chungu alichopika mumewe, yeye hula kwanza, Sultani akikodoa macho kuona kama atakufa. Miaka tisa hajafa. Kanawiri, mashavu yamejaa, na ulimi, ya Rabi, pilipili kichaa ina nafuu. Alhamisi akaenda kwa tabibu wa kasri, mzee mwenye vitabu vingi na moyo mdogo.

"Tabibu, Sultani anaumwa nini hasa?"

"Najua, mwanangu. Lakini nina shingo moja."

"Basi niambie mimi. Yangu nimezoea kuihatarisha kila mlo."

Tabibu akamnong'oneza.

Ijumaa watu wakajaa uwanjani. Adui mwingine hakupatikana, basi Shaame kasimamishwa chini ya kamba. Kazija akapenya hadi mbele, uso mkavu.

"Maulana, adui nimempata."

"Yuko wapi?"

"Kwanza nitazame. Nimekula chungu kimoja nawe miaka tisa. Naonekana mgonjwa?"

Sultani akamtazama, wivu ukamkaba. "Umenenepa kama gunia la mpunga!"

"Ahsante. Na wiki hii nzima hukutia tonge kinywani. Damu nayo ilifunga?"

"Haikufunga."

"Kumbe Shaame alitia sumu kwenye njaa?"

Watu wakaguna. Sultani akapiga fimbo chini. "Taja adui!"

"Askari wako."

Askari wote wakarudi nyuma hatua tatu.

"Si hawa," akasema Kazija, "ingawa hawa nao hasara tupu. Nasema askari wa damu. Kila mtu Mungu kamwekea, wadogo, hawaonekani kwa jicho, wazuie maradhi yasiingie. Wako wewe wamepandwa na wazimu. Wakiona punje ya wali, wanapiga kelele, 'Jeshi hilo!' Wakikuta vijidudu wema, wakaazi wa tumbo tangu utotoni wasiomdhuru mtu, wanawavamia kwa moto. Na moto huo unaunguza utumbo wako mwenyewe. Ndiyo damu unayoiona."

"Askari wangu wanipige mimi? Upuuzi! Tabibu!"

Tabibu akasogea mbele. "Ni kweli, Maulana. Nilitaka kusema tangu mwezi wa Rajabu."

"Mijitu mijinga! Kuvamia wasio na hatia, kuchoma nyumba ya bwana wao! Wamejifunza wapi?"

"Muulize muuza vitumbua," akajibu Kazija.

Yule muuza vitumbua akacheka kwa pengo lake, na uwanja mzima ukamfuata. Sultani akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wanyongwe! Wote! Leo hii!"

"Haya," akasema Kazija. "Uliapa, na kadhi ni shahidi: adui, na anayemficha na kumlisha, kamba moja." Akaitazama kamba, akaitazama shingo ya Sultani, akaipima kwa macho taratibu. "Sasa, Maulana, unapanda mwenyewe, au unamfungua Shaame akakupikie uji?"