Chai ya Maji ya Bombani

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi bali hii yetu yenye mabati na simu, palikuwa na mlima Upareni, na mlima ule ulikuwa umechoka. Juu umelimwa, chini umekatwa barabara, na masika yale yakaulowesha mpaka ndani. Kuta za nyumba zikaanza kupasuka. Watu wa chini wakahamia shuleni. Jioni wanatandika magodoro darasani, asubuhi wanayakunja watoto wasome. Wanatandika, wanakunja. Nao wakachoka.

Akaja Injinia Mchome, mwanamke mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akachimba shimo refu juu ya mteremko, akatia bomba, akalifunika. Kisha akaita mkutano, akafungua kompyuta. Watu wakauona mlima wao umekatwa ubavu kama mkate.

"Naiambia kompyuta udongo ni wa aina gani, na maji yamefika wapi ndani yake," alisema. "Yenyewe inajaribu kuuvunja mlima kila mahali, halafu inanipa namba. Ikizidi moja, mlima unajishikilia. Ikipungua moja, unashuka."

"Na lile bomba?"

"Bomba msiliguse."

Hakusema kwa nini, wala hakuna aliyeuliza.

Nakunda hakuwapo mkutanoni. Alikuwa amejifungua juzi tu. Nyumba yake ilikuwa juu kwenye mwamba, jirani na lile bomba, na mumewe alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge. Mvua ilipokatika, pipa lake likakauka. Chemchemi iko bondeni, njia ni utelezi, mgongo unauma, nepi zimejaa beseni. Siku moja akafunua bomba, akachungulia. Maji! Akafunga kamba kwenye kopo jembamba, akateka kidogo kidogo mpaka ndoo ikajaa. Kesho yake alfajiri akateka tena. Ikawa ndiyo desturi.

Kila asubuhi Bibi Namweta, mjane wa chini ya mteremko, alipanda kutoka shuleni kuja kumwogesha mtoto. Akimaliza, Nakunda humpa chai.

"Mjukuu wangu, chai yako nzito, kama ina udongo," Bibi husema.

"Ni majani, Bibi."

Bibi akishaondoka, huja Eliamini, mwanakijiji aliyepewa kazi ya kupima. Hushusha utepe bombani, na utepe hulia ukigusa maji.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji. Pole na mlima."

Eliamini aliona kifuniko kimelowa. "Umande," akajisemea, maana magoti yalimuuma na alitaka kushuka. Akamtumia injinia kipimo kwa simu.

Huko mjini Injinia Mchome akakitazama. Maji yameshuka, tena upesi. "Udongo wa mfinyanzi hauachii maji upesi hivi," aliwaza. Ilimpasa apande akaone. Lakini alikuwa na milima mingine inamngoja, na kichwa kilimgonga. Akaingiza kipimo kwenye kompyuta. Namba ikazidi moja. Akatuma ujumbe: "Rudini nyumbani."

Wakarudi. Bibi Namweta akafagia nyumba yake, akatundika picha ya marehemu mumewe, akalala kitandani kwake.

Asubuhi moja kikaja kimvua kidogo tu. Bibi alikuwa kwa Nakunda, kikombe mkononi, waliposikia mvumo. Walipotoka nje, mteremko ulikuwa umeshuka. Nyumba nyingine zilipona. Ya Bibi haikuonekana hata bati.

Kikaitwa kikao. Injinia akaja, akafungua kompyuta, akayapandisha maji humo hadi yalipokuwa mwanzo. Namba ikashuka chini ya moja.

"Kompyuta ilihesabu vizuri," alisema. "Maji niliyoipa ndiyo hayakuwa ya kweli. Sijui yalikwenda wapi."

Nakunda akainamisha kichwa, akamfunika mtoto vizuri, ingawa hakukuwa na baridi. Nani angejua?

Bibi Namweta akasimama na furushi alilopewa na majirani. "Nimelala darasani. Sasa nalala leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nimechoka kuwa mgeni. Nataka kukaa kwa mwenye kosa, niwe na haki ya kuuliza chumvi iko wapi."

Injinia akasema, "Ni mimi, mama. Niliona maji yanashuka upesi mno, nikaona uvivu wa safari. Kwangu mjini kuna chumba."

Eliamini akasema, "Ni mimi. Niliona kifuniko kimelowa, nikasema umande. Kwangu watoto ni wengi, lakini kitanda hakikosekani."

Kisha sauti ndogo ikatoka nyuma. "Ni mimi, Bibi. Maji ya bombani nilikuwa nateka mimi. Sikujua ni ya kupimia."

Bibi akamtazama, akacheka kicheko kifupi. "Kumbe! Nami nikadhani ulimi wangu umezeeka."

"Basi hata wewe una kosa, Bibi," mtu mmoja akadakia. "Si uliinywa ile chai?"

"Niliinywa. Na nisingekuwa nainywa asubuhi ile, leo mngekuwa matangani."

Mtoto akalia, Nakunda akampa ziwa. Manyunyu yakaanza. Bibi akajitwika furushi lake, akasimama mlangoni, hajui ageukie wapi.

Haya, ninyi mnaosikiliza, msimwache alowe. Mwambieni Bibi: akapige hodi kwa nani?