Mitutu Sita ya Mshamu

Wahenga hawakusema kwamba fimbo ya mbali ni mbovu. Huenda ni ya mpingo, imenyooka na kung'aa. Kasoro yake ni kwamba nyoka hangoji iletwe.

Mshamu, mkulima wa Ruaruke, alikuwa na fimbo ya namna hiyo. Nyumba ya jirani ilipovunjwa na wezi, aliuza korosho zake zote, akahangaikia kibali miezi minane, akarudi na bastola yenye mitutu sita iliyobanana kama vidole vya ndizi. Ilikuwa mpya kabisa, ila imeundwa kwa kuiga bastola za kale: kila kifyatuo kilipovutwa, mtutu mmoja ulipisha na mwingine ukaja mbele.

"Mwizi mmoja, mitutu sita!" alijigamba barazani.

"Na ataiba nini, Baba Shamsia?" mkewe Mwanaheri aliuliza kwa upole. "Chenye thamani humu ndani ni hiyo bastola tu."

Masharti ya kibali yalitaka silaha ikae katika sanduku la chuma lililokazwa sakafuni. Mshamu akalitia makufuli mawili kabisa. Ufunguo mmoja aliuvaa shingoni kama hirizi. Wa kufuli la pili, kwa kuwa aliujua usahaulifu wake, alimkabidhi Mwanaheri, naye akaufunga kwenye pindo la khanga.

Mpunga ulipokaribia kuiva, walihamia bondeni kuulinda, kama ilivyo desturi, wakaishi juu ya dungu, kibanda cha miti chenye miguu mirefu. Safari hii Mwanaheri hakuthubutu hata kusinzia. Binti yao Shamsia angeolewa baada ya mavuno, na mpunga ule ndio uliokuwa wali wa harusi. Ukiliwa shambani, wakwe kutoka Kiongoroni wangepakuliwa nini? Aibu?

Asubuhi moja, chai ikichemka, aliona vichwa ukingoni mwa shamba. Nyani! Kundi zima, dume mbele, likitembea kwa maringo kama bwana harusi.

Mshamu aliruka chini. "Leo wamekwisha! Naifuata mitutu!"

"Baba Shamsia, ngoja, ufung..."

Neno lilimkosa. Alikwishatimua mbio kama aliyefukuzwa na nyuki, na nyumbani ni mwendo wa nusu saa.

Mwanaheri aliutazama mpunga, akamwona Shamsia katika kila suke. Alichomoa kwenye paa kombeo la ukindu alilosukiwa na marehemu mama yake, akavuta kikapu cha vidonge vya udongo mkavu. Akazungusha, akaachia. Cha kwanza kilizama topeni. Cha pili kilikata majani. Cha tatu kililipata dume kwenye makalio, pwaa! Likageuka, likamtazama kama mzee aliyetukanwa mbele ya wakwe, kisha likatoka mkuku na ukoo wake wote nyuma.

Wakati huo Mshamu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Kufuli la kwanza lilifunguka. Alijipapasa shingoni, kiunoni, mifukoni. "Lahaula!" aliguta. "Pindo la khanga!"

Alirejea dunguni akihema, kandambili moja mguuni. "Mama Shamsia... u... ufunguo!"

Mwanaheri alifungua pindo taratibu. "Huu hapa. Ukiwakuta njiani wasalimie, maana wameelekea huko huko."

Mshamu aliangaza macho. Mpunga ulikuwa umesimama wima, ila pembe moja tu iliyokanyagwa. Akaketi kwenye ngazi. Mkewe akammiminia chai, wala hakucheka, ingawa midomo ilimcheza.

"Mwanaheri," alisema hatimaye, sauti imekwisha, "hilo kombeo halihitaji kibali?"

"Linahitaji kuwa mkononi tu, Baba Shamsia."

Siku ya harusi, wakwe wa Kiongoroni walikula wali mpaka wakalegeza misuli waliyojifunga viunoni. Mshamu alipita akipakua, kombeo likining'inia shingoni palipokuwa pa ufunguo. Bastola nayo ilikuwa chumbani, na mitutu yake sita, ikililinda sanduku lake. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.