Nyange na Baraza la Kipimo

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni, iingie!

Imetoka mbali, imechoka!

— Ipeni kigoda, ikae!

Basi tulieni. Nami leo nimechoka kama hadithi yenyewe. Sitaiimba, nitaisema tu.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisemezana na watu, palikuwa na mbwa jike katika nchi ya Milimani, jina lake Nyange. Aliishi kwa mjane mmoja aitwaye Nyamizi, mfuga mbuzi. Nyange alikuwa na pua ndefu, miguu mirefu, na masikio yaliyosimama wima. Fisi akipita mbali, Nyange alimnusa. Akinyemelea, alimsikia. Akikimbia, alimfukuza.

Mbwa wa Milimani ndio waliokuwa mbwa wa asili. Wengine walichukuliwa na wasafiri wakiwa wachanga, wakapelekwa Ng'ambo ya mto. Wengine wakapelekwa Bondeni. Huko wakazaana, wakawa wengi. Lakini bibi yao wote alikuwa mmoja.

Siku moja ikaja habari: mbwa wa nchi zote tatu wakutane, wakubaliane mbwa wa kweli afananeje. Atakayelingana na kipimo ataoa au ataolewa. Asiyelingana afukuzwe, na watoto wake wasihesabiwe kuwa mbwa.

Nyange akamuaga Nyamizi. "Mama, nakwenda barazani."

"Kuna nini huko?"

"Kuna kuulizwa kama mimi ni mbwa."

Nyamizi akacheka. "Mimi sijakuuliza, na mbuzi hawajakuuliza. Nenda, mwanangu, lakini urudi mapema."

Nyange akaenda. Akatembea, akatembea, akafika.

Mbwa wa Ng'ambo wakasema, "Bibi yetu alikuwa na pua fupi. Ndivyo tulivyoambiwa na wazee wetu."

Mbwa wa Milimani wakasema, "Bibi yenu amezikwa kwetu. Pua yake ilikuwa ndefu."

Mbwa wa Bondeni wakasema, "Pua si kitu. Tazameni miguu!"

Wakabwekeana tangu asubuhi mpaka sauti zikakauka. Hapo Fisi akatoka kichakani, taratibu, mikono nyuma.

"Jamani, ndugu zangu," akasema. "Mimi si mbwa wala si paka. Sina upande. Niacheni niwasuluhishe."

Wakamkubali. Walikuwa wamechoka, na aliyechoka hachagui kiti.

Fisi akasema, "Hawa wa Ng'ambo wametoka mbali, na mgeni hanyimwi. Pua iwe fupi. Kidogo tu, jamani. Kidogo tu."

Wakakubali. Nyange akarudi nyumbani, miguu inamuuma.

Miaka ikapita. Nyange akazaa. Watoto wenye pua ndefu walikataliwa kila walikokwenda kuposa. Wakarudi kwa Nyamizi mmoja mmoja, mikia chini, na Nyamizi akawaongezea maji chunguni. Binti mmoja tu, Tunu, alikuwa na pua fupi kidogo. Huyo alikubaliwa, akaolewa na mbwa wa Ng'ambo, na pua ya mumewe ilikuwa fupi zaidi.

Baraza likaitwa mara ya pili. Nyange akaenda. Akatembea, akatembea, akafika.

Mbwa wa Bondeni walikuwa wamekasirika. "Wenzetu wamepewa pua. Sisi je? Kwetu mbwa wa kweli ni yule ambaye tumbo lake linagusa nyasi."

Wakabwekeana tena, na Fisi akasimama tena. "Haki ni haki. Ng'ambo walipewa, na Bondeni nao wapewe. Miguu iwe mifupi. Kidogo tu, jamani. Kidogo tu."

Wakakubali. Nyange akarudi nyumbani, na safari hii alipumzika njiani mara nyingi.

Basi siku moja, katikati ya kiangazi, Tunu akaja kwa mama yake amebeba kitu kinywani. Akakiweka chini. Alikuwa mwanawe. Pua yake ilikuwa imebonyea usoni kama kidole kwenye ugali, na miguu yake ilikuwa mifupi sana. Alikuwa akicheza juani na wenzake, akaanza kukoroma, akaanguka.

"Mama," Tunu akasema, naye mwenyewe anahema, "mtoto huyu amelingana na kipimo kila mahali. Kila mahali, mama. Mbona hapumui?"

Nyange akamlamba mjukuu wake uso mzima, kama anavyolambwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kisha wakamzika nyuma ya zizi. Tunu hakurudi tena Ng'ambo.

Baraza likaitwa mara ya tatu. Nyange alikuwa mzee, lakini alikwenda. Alikuwa na neno la kusema.

"Ndugu zangu," akasema, "nimemzika mjukuu wangu. Aliuawa na kipimo chenu. Tuache."

Wakanong'onezana. Kisha mzee wa mbwa wa Ng'ambo akajibu kwa upole, "Pole sana, bibi. Msiba wako ni wetu. Lakini pua yako haimo katika kipimo, na hili ni baraza la mbwa. Tutakusikilizaje?"

Nyange akawageukia mbwa wa Milimani, ndugu zake wa kuzaliwa. Wakatazama chini. Mmoja akasema, "Dada, usituharibie. Wenzetu wote wamepata chao. Leo ni zamu yetu. Tunataka kipimo cha masikio."

"Masikio mmeshapata," akasema Fisi. "Lakini ya kusimama ni ya mbwa koko. Masikio ya heshima huning'inia, yakafunika tundu la sikio. Kidogo tu, jamani."

Wakafurahi kuitwa wenye heshima. Wakakubali.

Nyange akamkabili Fisi. "Na wewe, unapata nini?"

"Mimi?" Fisi akameza mate. "Napata amani yenu, bibi."

Nyange akarudi nyumbani.

Miaka ikapita. Mbwa wakawa hawanusi, hawakimbii, hawasikii. Fisi akaenda Ng'ambo mchana kweupe, akala mbuzi. Akaenda Bondeni, akala mbuzi. Akaja Milimani, akala mbuzi, na mbwa wa heshima walikuwa wamelala mlangoni wakikoroma.

Mwisho akafika kwa Nyamizi. Kabla hajagusa boma, watoto wa Nyange wakainua pua, wale waliokataliwa. Wakamnusa. Wakasimamisha masikio. Wakatoka wote kwa pamoja.

Fisi akakimbia. Wakamfukuza, wakamshika nyuma, wakamng'ata mapaja.

"Niacheni!" akalia. "Ninyi si mbwa! Baraza halikuwahesabu!"

"Kama sisi si mbwa," wakamjibu, "basi wewe hujaumwa na mbwa. Unalia nini?"

Wakamng'ata tena. Fisi akajinasua, akakimbia akiburuta kiuno. Ndiyo maana mpaka leo fisi ameshuka nyuma, na akiona mbwa hasemi tena habari za suluhu.

Habari zikaenea. Mbwa wa nchi zote tatu wakaja kwa Nyange wakikoroma njia nzima.

"Bibi, tumekosa," wakasema. "Sasa tumeelewa. Mbwa wa kweli ni hawa wanao. Tunaitisha baraza la nne, njoo nao tuwapime pua. Maana Ng'ambo wanasema pua iwe kama ya huyu mkubwa, na Bondeni wanasema kama ya huyu mdogo."

Nao wakaanza kubwekeana palepale, mbele ya mlango wa watu.

Nyange akawaita wanawe, wakawatoa mbuzi, wakawapeleka mtoni. Tunu akafuata nyuma polepole, anahema. Walipofika kivulini Nyange akasimama, akamngoja.

"Mama, huendi barazani?" Tunu akauliza.

"Siendi," Nyange akasema. "Kaa hapa, upumzike."

Wakalala, ubavu kwa ubavu. Na baraza lile, nasikia, halijaisha mpaka leo.

Basi wenzangu, hadithi hii yatufunza kwamba wanaogombania kipimo husahau kile wanachokipima. Na msuluhishi akikwambia hana upande, mtazame tumbo.

Yangu yameishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.